Kromosomu ya ziada haing'ai kwa probu ya alfa satelaiti: sentromia yake iko wapi?

mzani_wa_seli (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Swali la saitojenetiki, walio jikoni naomba mnisaidie.

Karyotipu (picha ya kromosomu zote) ya limfosaiti za damu: seli 18 kati ya 30 zina kromosomu 47, zilizobaki zina 46. Hiyo ya ziada ni ndogo, inakaribia ukubwa wa namba 21. Kwa G-banding mabendi yake yanajirudia kutoka katikati kwenda kila upande, kama kitu na kivuli chake kwenye kioo. FISH (kipimo cha probu ya DNA inayong'aa) kwa probu ya jumla ya alfa satelaiti, DNA inayojirudia kwenye sentromia (mahali kromosomu inaposhikwa ili ivutwe seli ikigawanyika): kromosomu 46 zote zimewaka, ya 47 iko giza. C-banding, inayopaka rangi eneo la sentromia, nayo haikuonesha doa. Microarray (kipimo cha wingi wa nakala za DNA) inaonesha ongezeko kuanzia 15q25, kwenye mkono mrefu wa kromosomu 15, hadi mwisho wa mkono, na log2 ya uwiano wa nakala ni 0.68, yaani si 0.58 ya trisomia wala 1.0 ya tetrasomia.

Vitabu vinasema kipande kisicho na sentromia hupotea baada ya migawanyo michache. Hiki kipo kwenye 60% ya seli. Je, ni kosa la FISH? Kama si kosa, kinavutwa na nini seli ikigawanyika?

---

kolsemidi

Tuanze na hiyo 0.68, maana ndiyo inayosema kweli kuliko picha.

Mabendi ya kioo maana yake kipande kilekile kipo mara mbili ndani ya kromosomu moja. Seli yenye kromosomu hiyo ina nakala 4 za 15q25 hadi mwisho, isiyo nayo ina 2. Microarray haioni seli mojamoja, inaona wastani wa DNA yote iliyo kwenye tyubu. Kwa 60%: 2 + (2 × 0.6) = 3.2. Gawa kwa 2, chukua logi ya msingi wa 2, unapata 0.68. Namba yako na hesabu ya seli zako zinakubaliana. Asiyekuwa na karyotipu mkononi angeona 0.6 na ushee, akaandika "trisomia", akafunga faili.

Uthibitisho wa haraka: probu ya sabtelomia (karibu kabisa na ncha) ya 15q. Kromosomu ya kioo inatakiwa kuwaka ncha zote mbili. Ikiwaka ncha moja tu, rudi kwenye mabendi.

Kuhusu FISH yenyewe, kosa linalojulikana ni kuosha kwa ukali uliokusudiwa probu ya kromosomu moja (bafa ya chumvi ya 0.4×SSC, nyuzi joto 73, dakika 2) wakati umetumia probu ya jumla. Marudio yasiyofanana sana na probu huachia. Rudia kwa kuosha kwa upole, 2×SSC kwa nyuzi 37. Lakini kwako zile 46 kwenye seli hiyohiyo zimewaka, na hicho ndicho kidhibiti chako. Kilichobaki ni uwezekano wa safu fupi mno ya alfa isiyoonekana kwa hadubini, na hilo halimalizwi na FISH nyingine. Linamalizwa na kingamwili.

Tahadhari kwa wengine wanaosoma uzi huu: probu za sentromia za 13 na 21 hushika zote mbili, na za 14 na 22 vivyo hivyo, kwa sababu alfa satelaiti zao zinafanana mno. Ndiyo maana trisomia 21 haihesabiwi kwa probu ya sentromia, inahesabiwa kwa probu ya 21q22. Wapo wanaojikwaa hapo hadi leo.

Sasa kipimo chenyewe. Adui ni fiksativu ya methanoli na asidi ya asetiki, 3:1. Asidi hung'oa histoni na kuharibu umbo la protini, kwa hiyo slaidi za karyotipu za kawaida hazifai. Unahitaji seli mbichi:

Kuza damu saa 72 na PHA (kichocheo cha mgawanyo). Kolsemidi, ya kusimamisha seli kwenye mitosisi, 0.1 µg/ml kwa dakika 30 hadi 60. Zungusha kwenye sentrifyuji, mwaga maji, ongeza KCl 0.075 M ya nyuzi 37, acha dakika 15. Usiweke fiksativu. Punguza wingi hadi seli 50,000 hadi 100,000 kwa mililita, weka mikrolita 200 kwenye kikombe cha saitospini, zungusha mara 800 hadi 1,000 kwa dakika kwa dakika 5 hadi 10. Toa slaidi na uitie moja kwa moja kwenye bafa ya KCM (KCl 120 mM, NaCl 20 mM, Tris-HCl 10 mM ya pH 8, EDTA 0.5 mM, Triton X-100 0.1%) dakika 10. Kingamwili ya kwanza, saa 1 kwa nyuzi 37 kwenye boksi lenye unyevu. Osha mara tatu kwa KCM. Kingamwili ya pili yenye rangi, osha tena. Baada ya hapo ndipo unagandisha kwa formaldehidi 4% ndani ya KCM kwa dakika 10, kisha DAPI (rangi ya DNA).

Penye matatizo: ukizidisha seli, kromosomu zinalaliana na huwezi kusema doa ni la nani. Ukizidisha muda wa KCl, kromosomu zinavimba kama uji na doa linatawanyika. Slaidi ikikauka katikati ya kazi, hata kwa dakika moja, mandhari yote yanawaka na umepoteza siku.

Tumia kingamwili mbili kwenye slaidi mbili: ya CENP-C (protini ya sentromia inayofanya kazi) na ya CENP-B (protini inayoshika alfa satelaiti). Unachotafuta ni kromosomu ya 47 yenye jozi ya nukta za CENP-C, moja kwa kila kromatidi dada, na bila CENP-B kabisa. Jozi hiyo ya majibu ikitokea, una sentromia mpya: mahali ambapo kromosomu haikuwa na sentromia, sasa ipo na inafanya kazi.

---

shanga_kwenye_uzi

Mkuu kolsemidi kamaliza upande wa benchi. Naongeza kwa nini jambo hilo linawezekana, maana mwanzisha mada kauliza kinavutwa na nini.

Kinachoshika nyuzi za spindeli si DNA. Ni kinetokori, rundo la protini, na rundo hilo halisomi herufi za DNA moja kwa moja. Linasoma nukleosomu, yaani shanga za DNA iliyozungushwa kwenye protini za histoni. Sehemu nyingine za kromosomu DNA imezungushwa kwenye histoni za kawaida zenye H3, ila kwenye sentromia baadhi ya nukleosomu zina CENP-A badala ya H3. CENP-A ni ndugu wa H3, wa kilodaltoni 17. Ilionekana mara ya kwanza mwaka 1985, Earnshaw na Rothfield walipochunguza seramu za wagonjwa wa skleroderma, ambao miili yao hutengeneza kingamwili dhidi ya sentromia zao wenyewe. Seramu hizo zilishika protini tatu, zikapewa herufi kwa kufuata uzito kutoka mwepesi: A ya 17, B ya 80, C ya 140.

Juu ya nukleosomu ya CENP-A hukaa kundi la protini 16 liitwalo CCAN. CENP-C na CENP-N ndizo zinazoigusa CENP-A yenyewe. Juu ya CCAN hukaa mtandao wa KNL1, Mis12 na Ndc80. Ndc80 ni fimbo ya nanomita 57 hivi, na ncha yake ndiyo inayong'ang'ania mikrotubuli, yaani nyuzi za spindeli. Kinetokori moja ya binadamu hushika mikrotubuli 17 hivi. Kimeng'enya Aurora B huzunguka hapo kama mkaguzi: kinetokori isiyovutwa pande zote mbili, hufosforilisha Ndc80 ili iachie na ijaribu upya.

Sasa kumbukumbu. DNA inaponakiliwa katika awamu ya S, CENP-A iliyopo hugawanywa kwa kromatidi mbili, kila moja ikapata nusu, na pengo huzibwa na H3. Hapo usingoje CENP-A mpya, haiji. Seli hupita mitosisi nzima ikiwa na nusu hiyo. CENP-A mpya hupachikwa mwanzoni mwa G1, baada ya mgawanyiko kuisha. Mbebaji wake ni HJURP, na anayemwonesha mahali ni kundi la Mis18, ambalo nalo huvutwa na CENP-C iliyopo tayari. Vimeng'enya CDK1 na CDK2 hulizuia kundi hilo muda wote mwingine, na PLK1 huliruhusu. Kwa hiyo palipo na CENP-A patapata CENP-A, kizazi hadi kizazi, hata kama herufi za DNA chini yake ni za kawaida kabisa.

Kromosomu yako ilivunjika 15q25, kipande kikanakiliwa na kujiunga chenyewe kwa chenyewe. Kingepotea, isipokuwa CENP-A kidogo iliangukia humo na kufikia wingi wa kutosha kuita Mis18. Tangu siku hiyo inajizalisha. Sentromia mpya ya kwanza ya binadamu iliyoelezwa vizuri ilikuwa ya kromosomu 10, mwaka 1993, na tangu hapo zimeripotiwa zaidi ya 100. Ncha ya 15q ni mojawapo ya maeneo yanayojirudia, pamoja na 3q, 8p na 13q.

---

mzani_wa_seli

Asanteni sana. Hesabu ya 3.2 imenifungua macho, sabtelomia naiagiza.

Shanga, kwa maelezo hayo alfa satelaiti ni mapambo tu? Binadamu anabeba mamilioni ya herufi hizo kwenye kila kromosomu, halafu kipande cha 15q kinaishi bila hata moja.

---

hamira_125

Hapana, na hapa nampinga shanga kidogo. Kusema "kinetokori haisomi herufi za DNA" ni kusema kwa binadamu.

Hamira ya mikate, Saccharomyces cerevisiae, sentromia yake ni jozi za besi 125 basi. Clarke na Carbon waliikata na kuitoa mwaka 1980, ukiipachika kwenye plasmidi (duara dogo la DNA), plasmidi inagawanywa kama kromosomu. Ina vipande vitatu: CDEI wa besi 8, CDEII wa besi 80 hivi wenye A na T kwa zaidi ya 90%, na CDEIII wa besi 25 hivi. Katikati ya CDEIII kuna herufi CCG zinazosomwa na kundi la protini la CBF3. Badilisha herufi moja tu hapo, sentromia imekufa. Nukleosomu moja ya CENP-A, mikrotubuli moja, na mahali hapahami.

Upande wa pili, Trypanosoma brucei, anayeleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, hana CENP-A kabisa. Kinetokori yake imejengwa na protini za familia ya KKT ambazo hazifanani na zetu. Na nondo wa hariri alipoteza CENP-A akaendelea kushika mikrotubuli kwenye urefu wote wa kromosomu. Kwa hiyo hata hiyo CENP-A si sheria ya viumbe wote.

Tukirudi kwa binadamu. Kipashio cha alfa satelaiti ni besi 171. Vipashio kadhaa visivyofanana sana hupangwa kuwa fungu, na fungu hilo hujirudia karibu bila kosa kwa mamia ya maelfu hadi mamilioni ya besi. Ndani ya baadhi ya vipashio kuna kisanduku cha besi 17 kinachoshikwa na CENP-B. Panya asiye na CENP-B anazaliwa na kuishi, na kromosomu Y haina kisanduku hicho, ndipo watu wakaamua ni mapambo. Lakini mtu akitaka kutengeneza kromosomu bandia kwa kuingiza DNA tupu kwenye seli, kama ilivyofanyika mwaka 1997, alfa yenye visanduku vya CENP-B ndiyo inayoanzisha sentromia. Na ukipima makosa ya mgawanyo, kromosomu Y na zile zenye sentromia mpya hupotea mara nyingi kuliko nyingine, kwa sababu CENP-B husaidia kuishikilia CENP-C.

Mwanzisha mada, angalia tena seli zako 12 zisizo na kromosomu ya 47. Hizo si lazima ziwe hazikuwahi kuwa nayo. Sentromia ya aina hii inashika, ila mshiko wake una walakini.

---

shanga_kwenye_uzi

Nakubali, nilisema kwa mkato. CENP-A yatosha kuhifadhi, alfa husaidia kuanzisha na kukaza.

Nyongeza kwa wanaofanya ChIP-seq au CUT&RUN (njia za kusoma DNA iliyoshikwa na protini) ya CENP-A: msitumie jenomu rejea ya zamani. Kwenye hg19 sentromia ni pengo la herufi N milioni 3 kwa kila kromosomu. GRCh38 iliweka safu za kubuni kwa kompyuta. Tangu T2T-CHM13 ya 2022 ndipo kuna safu halisi. Na msichuje kwa MAPQ (alama ya uhakika wa mahali kipande kinapolingana) kama mnavyochuja sehemu nyingine, maana kipande cha besi 150 ndani ya safu ya alfa kinalingana na mahali pengi. Ukichuja, unatupa sentromia nzima na kubaki na kelele. Kwa sentromia mpya kama ya mwanzisha mada kazi ni rahisi mno, DNA yake ni ya kipekee, kilele kinasimama peke yake.

---

punda_wa_pwani

Mnabishana alfa ni mapambo au si mapambo, wakati jibu linatembea kwenye vichochoro vya Lamu.

Farasi ana kromosomu 64, punda 62. Ndiyo maana baghala (wengine humwita nyumbu, wakamchanganya na yule wa Serengeti) ana 63 na hazai: kromosomu zake hazipati wenza kamili kwenye meiosisi. Punda milia wa kawaida ana 44, wa Grevy wa kaskazini mwa Kenya ana 46, punda milia wa milimani wa Hartmann ana 32. Familia nzima ilianza kuachana miaka milioni 4 hivi iliyopita. Kwa wanyama wakubwa hiyo ni jana.

Kuungana kwa kromosomu kumechangia, ila lililo kubwa kwa mada hii ni sentromia kuhama. Ukilinganisha kromosomu moja ya punda na mwenzake wa farasi unakuta jeni kwa mpangilio uleule, hakuna kilichogeuzwa wala kukatwa, ila sentromia iko pengine. Kromosomu 11 ya farasi haina satelaiti yoyote kwenye sentromia yake. Jambo hilo lilionekana jenomu ya farasi ilipochapishwa mwaka 2009. Na mahali CENP-A inapokaa hapo hutofautiana kati ya farasi na farasi, ndani ya eneo la besi kama 500,000. Kwa punda ni zaidi: kati ya jozi 31, jozi 16 zina sentromia zisizo na satelaiti. Nusu ya punda, kwa probu yako ya satelaiti, ni giza.

Kwa hiyo mpangilio unasomeka hivi. Sentromia mpya huzaliwa mahali patupu, kama kwa mgonjwa wako. Ya zamani huzimika, na satelaiti zake hubaki hapo muda mrefu kama gofu. Equidi (jamii ya farasi, punda na punda milia) wana satelaiti kwenye ncha ambazo hazina kazi tena. Pale papya, marudio hujikusanya baadaye kidogokidogo. Alfa unayoiona kwa binadamu ni sentromia iliyokwisha kukomaa. Hata binadamu ana gofu lake: kromosomu yetu ya 2 ilitokana na mbili za mababu kuungana, sentromia moja ikafa, na masalia ya alfa bado yako 2q21. Ilibidi ife. Kromosomu yenye sentromia mbili hai huvutwa huku na huku hadi ikatike, kama McClintock alivyoonesha kwenye mahindi zamani hizo.

Kwa nini marudio yajikusanye na kubadilika haraka hivyo, wakati kazi ni ileile? Maelezo yanayopendwa ni ya Henikoff, Ahmad na Malik, 2001. Kwenye meiosisi ya kike, kati ya seli nne moja tu huwa yai. Sentromia inayoweza kujivutia upande wa yai hupita zaidi ya nusu, hata kama haina faida kwa mwenye nayo. Safu kubwa hushinda, kisha protini za kinetokori nazo hubadilika kupunguza upendeleo huo, na mbio zinaendelea. Ushahidi upo: wanawake wenye kromosomu mbili zilizoungana za Robertson huzipitisha kwa watoto zaidi ya 50%, wanaume hapana.

Wakulima wa mahindi msikanganywe na jina, lakini. "Sentromia mpya" ya Ab10 kwenye mahindi, inayopita kwa 60 hadi 80%, haina CENP-A. Ni vifundo vya heterokromatini (DNA iliyobanwa) vinavyoburutwa na kinesini, protini za mota, kwenye meiosisi tu, huku sentromia halisi ikiwepo palepale.

---

mzani_wa_seli

Shukrani wakuu. Kingamwili ya CENP-C sina, nina seramu ya CREST (ya wagonjwa wa skleroderma) kwenye friza. Itafaa? Na niongeze seli ngapi?

---

kolsemidi

Itafaa kuonesha ipo, ila ina mtego. Seramu ya CREST ni mchanganyiko wa dhidi ya A, B na C, na mara nyingi B ndiyo kali. Kwenye kromosomu 46 utaona nukta nene, kwenye ya 47 nyembamba, kwa sababu hapo hakuna CENP-B ya kushikwa. Ukiweka muda wa kamera kwa kufuata zile nene, hiyo nyembamba itakupita na utasema hakuna kitu. Weka muda mrefu, acha nyingine ziungue. Na punguza seramu kwa hatua, 1:100, 1:500, 1:1,000, kabla ya slaidi ya mgonjwa. Kila seramu ina nguvu yake.

Kuhusu seli: 30 zinatosha kuonyesha mozaiki kubwa (mchanganyiko wa seli zenye kromosomu hiyo na zisizo nayo). Seli 29 zote zikiwa sawa ndipo unaweza kukana mozaiki ya 10% kwa uhakika wa 95%, kwa maana 0.9 kwa kipeo cha 29 ni 0.047. Kwako swali si kama ipo, ni wingi wake kwenye tishu nyingine, na damu haisemi kwa niaba ya ngozi. Omba swabu ya ndani ya shavu, tumia probu ya sabtelomia ya 15q kwenye seli zisizogawanyika: nukta 2 au 4, hesabu seli 200. Ukiona 3 usiharakishe, mara nyingi ni nukta mbili zilizolaliana.

Karyotipu ya wazazi ifanyike pia, ingawa nyingi za aina hii huzuka kwa mtoto mwenyewe. Kwenye ripoti, mahali pa sentromia mpya huwekwa "neo". Usiliandike kabla slaidi ya kingamwili haijatoka.